Midomo Ndani, Miguu Uani

Niliingia Dar es Salaam kwa mlango wa nyuma. Watu wengi wa kusini walikuja kwa meli kutoka Lindi, wakashuka bandarini mchana kweupe na masanduku yao, wakaonekana wamefika. Mimi nilikuja kwa barabara ya Kilwa, juu ya magunia ya ufuta, kwa sababu tangu utoto sijapata kuiona njia nisitake kujua inaishia wapi. Kwetu Newala babu yangu alisema mtoto huyu miguu yake inawasha. Vita ya pili ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari ya misheni, nimefundisha watoto kwa misimu michache ya kilimo, na nimechoka kuutazama mto Ruvuma kutoka juu bila kuuvuka.

Safari ilikuwa ndefu kuliko tulivyoahidiwa. Katika vilima vya Wamatumbi lori lilichemka kila mlima, tukashuka, tukasukuma, tukangoja maji yachotwe bondeni. Tulipoteremka tambarare mchanga ulitumeza hadi ekseli, tukakata matawi na kuyatandika chini ya magurudumu. Tulipofika Rufiji mto ulikuwa umefura na pantoni ilikuwa ng'ambo, basi tukapiga kambi ukingoni na watu wa ndizi, watu wa mikeka na mbuzi wao.

Pantoni ile ilivutwa kwa kamba, na wavutaji wake waliimba. Mmoja alitoa, wenzake wakajibu, na kamba ikaja. Mimi shuleni nilikuwa mkuu wa kwaya, na katika sanduku langu kitu cha thamani kilikuwa kitabu cha nyimbo kilichoandikwa kwa solfa. Nikatoa penseli, nikauandika wimbo wa pantoni kwenye ukurasa mtupu wa mwisho: do, so, so, la, so, mi. Mpaka tunagusa ukingo wa pili nilikuwa nao wote. Nilijisikia kama mtu aliyekamata ndege kwa mkono. Nilimwimbia mmoja wa wavutaji kutoka kwenye karatasi yangu. Akasikiliza kwa adabu, akasema, "Ndio huo huo, ndugu. Lakini kwa kuimba hivyo pantoni haitoki." Wenzake wakacheka, nami nikacheka, bila kujua tunachekea nini. Mvuto wa kamba sikuuandika. Sikuona kuwa nao ni wimbo.

Dereva alinishusha Temeke asubuhi. Aliniambia mji wenyewe uko mbele, kwenye taa. Nikatazama minazi, mashamba ya mihogo, nyumba za udongo zilizoezekwa makuti, na mwanamke mmoja mnene aliyekuwa anakandika ukuta wa nyumba yake huku akiimba kwa pua. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bi Mkubwa." Akaitika marahaba bila kugeuka, akaniuliza, "Wa kusini wewe?"

"Wa kusini, Bi Mkubwa. Umejuaje?"

"Umepaza sauti ukaamkia ukuta mzima. Watu wa hapa wanaamkia mtu." Akageuka, akanitazama mimi na sanduku. "Chumba ninacho. Panya pia wamo, hutalala njaa."

Huo ulikuwa utani wao kwetu, kwamba sisi watu wa kusini tunakula panya. Nikamjibu kwamba kwetu panya ni wanono, hawa wa Temeke nitawahurumia tu. Akacheka mpaka udongo ukamdondoka mkononi, na tangu hapo nilikuwa mpangaji wake. Sikujua bado kwamba niliyetaniana naye alikuwa jemadari. Hilo lilikuwa jina lake katika chama cha lelemama, ngoma ya wanawake wa Temeke, alichokiongoza, na barabarani watu walimwita hivyo hivyo, Jemadari, hata wanaume wenye ndevu.

Nilipata kazi ya ukarani katika ghala moja karibu na bandari. Kila asubuhi nilitembea kwenda mjini na kila jioni nilitembea kurudi. Jumapili nilikwenda kwenye kanisa letu dogo la makuti, lililojaa Wamakua, Wayao na Wangoni waliokuja kutafuta kazi kama mimi. Waliimba kwa bidii na kwa sauti moja, kama watu wanaokimbilia gari. Nikaomba ubao, nikaomba chaki, nikaanza kuwafundisha solfa.

Naisifu solfa mpaka leo, na nitaisifu. Ni maandishi ya makoo mengi na mfuko mtupu. Herufi saba tu, zile zile za kuandikia barua kwa mama, na nukta za kuonyesha sauti ikae muda gani. Do haina makao maalumu. Leo unaiweka hapa, kesho ukiona wanawake wanaumia koo unaishusha, na wimbo unabaki ule ule. Wapagazi, wapishi na yaya waliokuwa hawajapata kugusa kinanda waliimba sauti nne mbele ya ubao ule. Padri kutoka mjini alipokuja kutubarikia Pasaka alisimama mlangoni mpaka wimbo ukaisha, akasahau kuvua kofia. Niliiona kofia ile kichwani mwake kama nishani yangu.

Jemadari alipita siku moja na mzigo wake wa makuti, akasimama dirishani kuutazama ubao. Jioni aliniambia, "Mwalimu, herufi zenu ngapi zile?"

"Saba, Bi Mkubwa."

"Mie chuoni nilisoma ishirini na nane. Nyie mmepunjwa."

Kisha akanieleza, kwa kujivuna kama mimi, kwamba chuoni, kwenye Kurani, juu ya maneno kuna alama. Alama hii inamwambia msomaji avute, ile inamwambia asimame. Nikamuuliza alama zinasema sauti ipande au ishuke wapi? Akanitazama kama niliyeuliza kwa nini maji yanalowanisha. "Hilo unalipata mdomoni mwa mwalimu wako. Ndio maana ukawa na mwalimu."

Upande wa pili wa njia aliishi mkuu wa bendi. Alikuwa amerudi kutoka vitani Bama na tarumbeta lake, mgongo umenyooka, masharubu yamechongwa, na alikuwa amekusanya vijana wa Temeke na vyombo vya shaba vilivyochubuka akavifanya bendi. Kila jioni, akirudi kutoka kazini, alipiga mwito mfupi wa tarumbeta kabla ya kuingia ndani, ili mkewe apakue. Wengine tulijua saa kwa mwito huo.

Yeye alisoma nota za mistari mitano. Misheni padri wetu wa kinanda alinionjesha maandishi hayo, nami sikuyapenda; niliona viluwiluwi wamenasa kwenye uzio. Nikaenda kumwonyesha mkuu wa bendi solfa yangu, nikidhani nampelekea zawadi.

"Hii do iko wapi?" akauliza.

"Popote, Mkuu."

"Tarumbeta langu halina popote. Lina vidole vitatu na midomo. Niambie niweke wapi kidole."

Akanikalisha kwenye kiti cha kukunja, akaniambia jambo ambalo sijalisahau. Huko vitani walikusanywa wapigaji kutoka majeshi tofauti, Mhindi, Mnyasa, Mwingereza na yeye. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake hata kuomba chumvi. Wakawekewa karatasi mbele. "Tukaanza pamoja," alisema, "tukamaliza pamoja. Katikati hapo hakuna mtu aliyepotea. Solfa yako ni ya watu wanaojuana, bwana. Hii ni ya wageni."

Nikajifunza kwake. Jioni nyingi nilikaa kwenye kiti kile nikinakili kurasa, yeye akinisahihisha kwa kijiti. Nikagundua kwamba yale niliyoyaita uzio yalikuwa nyumba: kila sauti ina ghorofa yake, na mistari inayosimama wima ni kuta, inakata wimbo vipande sawa ili watu wote waingie chumba kimoja kwa pamoja. Kabla ya mwaka kuzunguka niliweza kuhamisha wimbo kutoka ubao wa kanisa hadi karatasi ya bendi na kurudi. Temeke nzima hakuna mwingine aliyeweza. Nilitembea kama mtu mwenye pasi mbili.

Ndiyo maana Jemadari alinijia.

Ilikuwa hivi. Kila siku ya pili ya Idi vyama vya lelemama vilikutana Mnazi Mmoja, wanawake kwa mistari, sare za kanga, kila chama na wimbo mpya. Wimbo ulipaswa kuwa haujasikika popote. Uliosikika ni kama pilau iliyolala. Mwaka uliotangulia Temeke walikodi bendi ya mjini, wakaiimbia wimbo wao ili iufuate. Kijana mmoja wa bendi ile alikuwa hodari wa kupiga mluzi. Akapiga mluzi njia nzima, kutoka Ilala mpaka Magomeni. Siku ya Idi chama cha Kinondoni kilitangulia uwanjani, kikauimba wimbo wa Temeke kwa maneno ya kuwasema Temeke wenyewe. Jemadari alisimama pale na wanawake wake wakiwa hawana la kuimba.

Sasa alikuwa ametamka kisimani, mbele ya wote: mwaka huu wakishindwa tena, yeye mwenyewe ataupeleka mwamvuli wake Kinondoni. Mwamvuli ule mwekundu wenye shada za nyuzi ndio ulikuwa ujemadari. Kuupeleka kulikuwa na maana chama cha Temeke kimekwisha, wanawake wake watakuwa mkia wa wenzao. Na bila matarumbeta hakuna aliyeshinda siku hizo. Kinondoni walikuwa na bendi kubwa, yenye trombone mbili.

Alikaa kwenye kizingiti cha chumba changu. "Mwalimu. Yule mwanajeshi wako nimemwomba atupigie. Anasema hapigi hewa, anataka karatasi."

"Ni kweli, Mkuu hapigi bila karatasi."

"Na mie wimbo wangu hauwekwi kwenye karatasi. Karatasi inafunguliwa na yeyote. Midomo ya wanawake wangu naijua ya nani iko wapi."

"Basi mimi nifanye nini, Bi Mkubwa?"

"Wewe si una elimu mbili? Tafuta ya tatu."

Nililala na neno hilo, na asubuhi nikapata njia, nami mpaka leo najipa heko. Bendi haihitaji kupiga wimbo. Wimbo unaimbwa na wanawake. Bendi inahitaji kupiga kile kinachokaa chini ya wimbo: sauti nene za baritoni, za kati, ngoma kubwa. Mtu akisikia hayo peke yake anasikia watu wanahamisha makabati. Atapiga mluzi gani? Nitauandika msingi, nyumba isiwe na paa, na paa litaletwa Mnazi Mmoja vichwani mwa wanawake.

Jemadari alilifikiri, akalikubali. Lakini ili niandike msingi lazima nisikie wimbo. Baada ya sala ya alasiri akaniingiza chumba cha ndani. Wanawake wake wote walikuwa mkekani, wamekaa, miguu wameikunja chini ya kanga. Mlango ukafungwa. Wakaimba kwa mnong'ono, bila kupiga kofi, bila kutikisika, kama watu wanaosoma dua. Sijapata kusikia wimbo mzito ukiimbwa kwa wepesi ule. Waliurudia mpaka nikaushika. Ulianzia kwenye so, ukashuka kwa hatua hadi do, ukapanda tena kwa njia nyingine. Maneno yake sitayaandika hapa.

Nikatengeneza karatasi. Mkuu akaipenda. Vijana wake wakafanya mazoezi nyuma ya nyumba yake, wazi, wapita njia wakitazama. Tulijua miongoni mwa wapita njia wamo watu wa Kinondoni. Walikaa, wakasikiliza, wakaondoka wakikuna vichwa, wakiulizana nani anahamisha makabati.

Lakini mpiga ngoma wa wanawake, mdogo wake Jemadari, naye alikwenda kusikiliza, akarudi amekunja uso. "Dada, watu wale wanatembea kinyumenyume."

Mimi nilikuwapo. Nikasema karatasi ni sahihi, nimeihesabu na Mkuu amehesabu.

"Sikatai," akasema. "Nyie mmekwenda sahihi. Sie tutaanguka."

Tulibishana pale uani mpaka Jemadari akanyanyua mkono. Akanigeukia. "Wewe umesikia midomo tu," akasema. "Miguu hujaiona."

Hapo ndipo nilipojua desturi yao, waliyoiweka tangu kuibiwa. Midomo ilifanya mazoezi ndani, imekaa, mlango umefungwa. Miguu ilifanya mazoezi uani, mchana, bila sauti hata ya mguno. Jasusi wa dirishani angepata sauti bila mwendo, na jasusi wa uani angepata mwendo bila sauti. Vyote viwili pamoja vilikuwa kichwani mwa kila mwanamke, na hapakuwa na mahali pengine. Nilikuwa nimesifu herufi saba, nikasifu mistari mitano, na hapa palikuwa na maandishi yaliyoandikwa kwa watu wenyewe, nusu ndani na nusu nje, na kazi yake haikuwa kuueneza wimbo. Kazi yake ilikuwa kuuzuia usitoke.

Wakajipanga uani. Jemadari akashusha mwamvuli, wakaanza kwenda, kimya, kanga zikigeuka pamoja. Nikauimba wimbo moyoni nikitazama nyayo. Pale nilipotia ukuta, mguu ulikuwa hewani. Pale nilipoliacha neno lipite bila kulitilia maanani, mguu ulitua. Kila mara. Mimi na Mkuu tulikuwa tumeweka kuta mahali maneno yanapoanza, kwa sababu tenzi za misheni na nyimbo za jeshi zote zinaanzia hapo. Wote wawili tulifundishwa na watu ambao mdomo na mguu wao hutua pamoja. Hawa mdomo ulitangulia na mguu ukafuata, kama mtu anayebisha hodi kabla ya kuingia. Nikakumbuka pantoni ya Rufiji na kamba ambayo sikuiandika.

Nilivuka njia mbio. Mkuu alikuwa anakula.

"Kuta zote zihame, Mkuu. Mbele kwa pigo moja."

"Zote?"

"Zote."

Alitafuna taratibu. "Unanihamishia nyumba nzima nikiwa na tonge mdomoni." Lakini alinawa, akaleta taa na kalamu. Nota hazikubadilika hata moja. Kuta tu zilihama. Siku ya pili vijana wake walijikwaa na kutukana. Siku ya tatu yule mpiga ngoma alikwenda tena kusikiliza, na tukaona kisigino chake kinagonga mchanga chenyewe. Aliondoka akitembea vizuri.

Likabaki jambo moja. Wanawake huanzia popote, kama solfa. Shaba haina popote, kama Mkuu alivyoniambia. Wakianza juu au chini ya bendi tutakuwa nyumba mbili zinazogombana. Na kufanya mazoezi pamoja kulikuwa haramu. Nikawaza tena, nikapata. Ule mwito wake wa jioni, wa kumwambia mkewe apakue, sauti yake ya mwisho tuifanye iwe ile so, mahali wimbo unapoanzia. Kila jioni Temeke nzima itaisikia na hakuna atakayejua kwamba ni ufunguo. Mkuu akakubali, ingawa alinung'unika kwamba mkewe atadhani amebadilisha chakula. Akaupiga hivyo kila jioni, Ramadhani nzima, na ndani ya nyumba yetu Jemadari alisimamisha kazi mkononi, akaipokea sauti ile kwa pua, akaendelea kuchambua mchele wake.

Siku ya pili ya Idi tulikwenda Mnazi Mmoja kwa miguu, Temeke nzima, wanawake mbele katika kanga za rangi ya kahawia na nyeupe. Kwaya yangu nayo ilikuja, tukachanganyika Wakristo kwa Waislamu, maana mwamvuli ule ulikuwa wa mtaa wote. Kinondoni walitangulia na trombone zao mbili. Siwezi kusema uongo: walikuwa wazuri. Walipomaliza, jemadari wao alipita mbele yetu akamwambia wetu, "Dada yangu, watu wangu wamewasikilizeni mwezi mzima. Mtatuimbia makabati?"

"Tutawapangia nyumba," Jemadari akajibu.

Zamu yetu ikafika. Mkuu akanyanyua tarumbeta kupiga mwito, na papo hapo bendi ya Kinondoni, waliokuwa wanaondoka, wakapuliza trombone zao kwa shangwe. Mwito ukazama. Mimi niliyesimama karibu sikuusikia mwisho wake. Na mwito wa kijeshi, nilivyomjua Mkuu, hupigwa mara moja. Kuurudia ni kukiri kwamba haukusikika. Akashusha tarumbeta, akasimama wima, macho mbele. Jemadari naye alikuwa amesimama, mwamvuli juu, hana sauti ya kuanzia.

Mtu mmoja kwenye kundi akasema, "Wenzetu wamesahau tena wimbo nyumbani." Watu wakacheka. Nikaona mkono wa Jemadari ukishuka kidogo na mwamvuli wake. Nilikuwa na so ile kinywani, ningeweza kumpa. Nikafungua mdomo.

Lakini alinitangulia. Aligeuza uso upande wa Temeke, kama mtu anayesikiliza nani anarudi kutoka kazini, akavuta pumzi kwa pua, akaanza. Peke yake, sauti kavu, pale pale. Sio juu, sio chini. Nikamtazama Mkuu, nilimwona akiigusa sauti ile kwa midomo bila kupuliza, akaikuta ndiyo, na masharubu yake yakapanda. Neno likatangulia. Mguu ukatua. Na ulipotua mguu, ngoma kubwa na shaba zote zikatua nao, watu ambao hawajapata kufanya mazoezi pamoja hata siku moja, midomo ya ndani na miguu ya uani na karatasi yangu, vikafunga kama kofuli.

Nimezunguka nchi nyingi tangu hapo. Nimesikia kinanda cha kanisa kubwa la mawe na bendi za magavana. Sijasikia kitu kama hicho.

Kinondoni hawakungoja waamuzi. Jemadari wao alikuja mwenyewe, akafungua kanga ya begani, akaifunga kwenye mpini wa mwamvuli mwekundu. "Mlikuwa mnafanyia wapi mazoezi?" akauliza.

"Mbele yenu," wetu akamwambia. Na tuliporudi barabara ya Temeke hakuniacha mkiani na wapangaji. Alinipa mpini wa mwamvuli niushike hatua chache, nikaushika.

Nilikaa Temeke miaka mingine kadhaa. Kisha miguu ikaanza kuwasha. Nilisikia kuna kazi Tabora, na reli inaendelea mpaka ziwani, na sikuwa nimeona ziwa.

Siku niliyoondoka ubao wa kanisa niliuacha kwa kwaya, na mmoja wao tayari alikuwa anaandika solfa vizuri kuliko mimi. Mkuu alikuja kuniaga na karatasi zile mkononi. Akasema mbele ya Jemadari, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuzunguka, "Mwalimu, hapa juu pako wazi. Unao wimbo kichwani. Uandike tu, niwe nao mzima. Ukishaondoka nani atapajaza?"

Ingekuwa kazi ya dakika chache. Jemadari aliendelea kuzifunga chapati zangu za njiani kwenye kitambaa.

"Pako wazi kwa sababu si pangu," nikamwambia Mkuu.

Akazikunja karatasi, akanipa mimi. "Basi chukua msingi wako. Mie ninao vidoleni."

Jemadari akafunga fundo, akaweka kifurushi juu ya sanduku. Halafu akatoka uani, akapiga kofi. Wanawake wakaja kutoka nyumba za jirani, wengine na unga mikononi. Lango likaachwa wazi, asubuhi, watu wakipita kwenda mjini. Wakasimama kwa mistari, wakaimba, na wakacheza, mdomo na mguu pamoja, nami nimekaa juu ya sanduku langu kama bwana shauri wa wilaya. Walipomaliza Jemadari akaniambia, "Ile siku ulikuwa na wasiwasi, hukuona vizuri. Sasa umeona."

"Nimeona, Bi Mkubwa."

"Nenda. Huko Tabora usiamkie kuta."

Mkuu alinisindikiza mpaka njia panda, akabaki hapo. Nilikuwa nimefika mbali, karibu na mashamba ya minazi, niliposikia tarumbeta. Haikuwa jioni, na mkewe hakuwa na chakula cha kupakua. Niliipokea ile sauti ya mwisho kwa pua, nikaenda nayo mpaka stesheni, nikapanda nayo kwenye behewa. Bwana aliyeketi mbele yangu aliniuliza naimba wimbo gani. Nikamwambia bado haujaanza.